Jina Linalofuata Lile la Papa

Mjomba wangu alikuwa askofu muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa mwaka aliosimikwa walikuja kufungishwa ndoa na yeye, na wengine wakarudi baadaye kumlalamikia juu ya ndoa hizo hizo. Alipotimiza umri wa miaka sabini na mitano aliandika Roma kuomba kustaafu, kama sheria ya Kanisa inavyotaka, na nadhani alitarajia wamjibu kwamba bado anahitajika. Walimjibu kwamba wanamshukuru.

Kazi aliifanya, hilo hata wasiompenda hawalikatai. Alijenga seminari ndogo, hospitali ya masista, na makanisa mahali ambapo barabara ilikuja baadaye. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa haulizi. Aliamua, akawajulisha watu, watu wakapiga makofi. Katika kikao kimoja cha mapadre, padre mmoja kijana alisimama akasema, kwa adabu zake zote, "Baba Askofu, tangu nikujue sijakusikia ukimuuliza mtu swali." Wenzake wakaanza kutazama viatu vyao. Mwezi haukuisha, kijana yule akahamishiwa parokia iliyo mwisho kabisa wa jimbo, mahali ambapo gari likiharibika linageuka banda la kuku. Akakaa huko mpaka nywele zikaanza kumkimbia.

Roma wakamchagua huyo huyo kuwa mrithi wake.

Mjomba alipata habari hizo akiwa amesimama mbele yangu, mikono ameitanua, nampima kanzu. Mimi ni fundi cherehani. Kanzu zake nimeshona mimi tangu nijue kushika sindano, na kila mwaka nilikuwa napunguza kidogo mabegani. Simu ikalia, akasikiliza, akasema, "Mungu asifiwe," akairudisha mfukoni. Kisha akaniambia nimebana mno kifuani. Sikuwa nimeweka hata pini moja.

Baada ya kukabidhi jimbo aliamua kuja kuishi kwetu, chumba cha nyuma, kile ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa kanisa la parokia. Hakuomba, alituarifu. Mama yangu ni dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni, na yeye ndiye aliyeacha shule akalima ili mdogo wake aende seminari. Watu wengine wote, hata mimi nikiwa mbele za wageni, tunamwita Baba Askofu. Mama humwita "wewe".

Paroko alifurahi kupata msaada, akampa Misa ya asubuhi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Asiyelijua kanisa letu aelewe jambo moja. Katika kila Misa kuna mahali ambapo padre analiombea Kanisa: anamtaja Papa kwa jina, kisha anamtaja askofu wa jimbo kwa jina. Askofu mwenyewe akiwa altareni hajitaji. Anajiita tu mtumishi asiyestahili, anaendelea. Mjomba alikuwa amejiita hivyo kila siku ya Mungu tangu mimi nikiwa darasa la kwanza. Asubuhi yake ya kwanza kwetu, alipofika pale baada ya jina la Papa, akajiita vile vile. Watu walitabasamu. Mzee wa watu, mazoea.

Ila mazoea hayakuisha. Wiki zikapita, na kila asubuhi jimbo letu lilikuwa na askofu yule yule wa zamani. Paroko, mtu wa amani, akabandika kikaratasi chenye jina la askofu mpya kwenye ukurasa wenyewe wa misale, kitabu cha Misa. Kesho yake akakikuta kimekunjwa vizuri kwenye dirisha la sakristia. Waliokuwa wameshindwa kesi zao jimboni wakaanza kupitia mlango wetu wa nyuma, "kumsalimu tu Baba Askofu". Walimsalimu kwa saa nzima. Parokia ikagawanyika, na kwenye kwaya ikafika mahali soprano hawapeani mkono na alto wakati wa kutakiana amani.

Mama alivumilia. Halafu asubuhi moja, watu wakipanga foleni kukomunika, kupokea hostia, yeye akabaki amekaa. Mjomba alimwona. Niliona mkono wake ukisita juu ya kikombe.

Wakati wa chai alisema, "Goti limekusumbua leo, dada." Hata hapo hakuuliza.

"Goti langu zima. Unayenisumbua ni wewe. Nitapokea siku utakapomtaja mwenzako."

"Ulimi umezoea tu."

"Ulimi wako naufahamu tangu hujaota meno. Haujawahi kuteleza."

Mjomba akakoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga.

Daktari alikuwa ametuambia kwamba moyo wa Mama umechoka na tusitegemee mengi. Mwenyewe alijua. Raha yake ilikuwa moja, kukongoja na fimbo yake hadi altareni na kupokea kutoka mkononi mwa mtoto aliyemlea. Kwa ile shule aliyoiacha, hakupata kudai kingine. Sasa alikuwa anajinyima hicho, asubuhi baada ya asubuhi, huku anazidi kupungua ndani ya nguo zake. Nilimshauri aende Misa ya pili, ya paroko. Akaniambia nishone. Niliwakasirikia wote wawili, mmoja kwa kiburi, mwingine kwa kukitambua kiburi hicho mapema mno kuliko sisi wengine.

Kisha askofu mpya akaja parokiani kutoa kipaimara. Alifika kwetu kwanza, asubuhi mapema, anaendesha gari mwenyewe. Ni mtu mfupi, mkimya, kichwani kumebaki nywele za kuhesabika. Alisogeza vitambaa vya wateja wangu, akakaa kwenye benchi, akapokea chai.

"Karibu, Padre," mjomba alimwambia.

"Askofu," Mama akasahihisha.

"Asante, Baba Askofu," mgeni akajibu kana kwamba hakusikia lolote.

Mama hana subira ya mazungumzo ya barabara na hali ya hewa. Akamwambia yote pale pale, mwenye kosa akiwa amekaa hapo hapo anatazama cherehani yangu. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekamatwa.

"Mama, hata mimi nimechemsha. Kesho yake baada ya kusimikwa, kanisa kuu limejaa pomoni, nikafika pale pale, nikasema 'na Askofu wetu', nikamtaja huyu hapa. Na mpaka leo jina lake linaniponyoka kinywani."

"Umesikia, dada," alisema mjomba. "Ulimi ukizoea."

"Wangu umezoea, ndiyo. Ila mwanzoni uligoma." Mgeni aliweka kikombe chini. "Uliponipeleka kule, Baba Askofu, nilikuwa nina hasira mpaka silali. Na padre hawezi kusoma Misa bila kumtaja askofu wake. Kwa hiyo kila asubuhi, mimi na vikongwe wawili, na mbuzi amesimama mlangoni, ilibidi nikuombee kwa jina. Siku nyingine nilikumeza nusu. Siku moja nikakwama kabisa. Nikasimama pale mpaka kikongwe mmoja akadhani nimesahau, akalitamka yeye kwa niaba yangu."

Mama akacheka hadi akashika ubavu. Mjomba hakucheka. Alikuwa anaizungusha pete kidoleni, na pete ilizunguka kirahisi, maana vidole navyo vilikuwa vimekonda.

"Ilikuchukua muda gani?" akauliza.

Mguu wangu ukatoka kwenye pedali. Mama alinitazama.

"Mpaka likatoka bila uchungu," mjomba akaongeza, kwa sauti ya chini.

Mgeni akakiinua tena kikombe. "Mvua zilinyesha zikaisha, zikarudi tena. Na hata baada ya hapo zilikuwepo asubuhi mbaya."

"Lakini ulilitaja."

"Nililitaja. Nisingelitaja ningebaki peke yangu kule."

Tulikwenda kanisani. Askofu mpya aliongoza Misa, mjomba akasimama kulia kwake, katika kanzu ambayo sikuwa nimebana popote. Maaskofu na mapadre wakiadhimisha pamoja, sehemu ile ya kuliombea Kanisa husomwa na mmoja wa wasaidizi, na mara nyingi huwa ni paroko. Siku hiyo askofu mpya aliisogeza misale kwa mjomba, akafumba macho.

Mjomba alianza vizuri. Akamtaja Papa. Akanyamaza.

Kanisa letu lina mabati, na bati likianza kupata jua hulia. Lililia. Mtu mmoja akakohoa. Mkono wa mjomba ukaenda kwenye pete. Nilikuwa kando ya Mama benchi la mbele, na nilimwona anavuta pumzi, anafungua mdomo amsaidie. Mjomba naye alimwona. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayekataa kushikwa mkono kwenye ngazi.

Kisha akalitaja. Majina yote mawili, la ubatizo na la baba yake, kama alivyoyataja siku aliyomwita mbele kumpa upadre. Sauti ilitoka ikikwaruza. Askofu mpya hakufumbua macho.

Wakati wa kukomunika foleni ya askofu mpya ndiyo iliyokuwa karibu nasi, na fupi. Mama aliipita. Alikongoja mpaka ule upande wa pili, na watu wakampisha, soprano na alto kwa pamoja. Mjomba akainua hostia, akasema maneno yake, Mama akajibu Amina, akapokea. Hakuondoka mara moja. Alisimama pale ameegemea fimbo yake, foleni nzima nyuma yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida ya jikoni:

"Nilikuwa na njaa, wewe."