Uso wa Mwalimu Protase

Protase alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Rubya, na watu wa huko walimfahamu kwa kicheko. Akicheka kibanjani, kwenye migomba yake, majirani waliokuwa wakichuma kahawa walisimama kuuliza kimemchekesha nini. Theopista alikubali kuolewa naye kwa ajili ya kicheko hicho, na hakuwahi kulificha jambo hilo.

Baada ya kustaafu, kicheko kilikwisha. Kwenye harusi ya binti yao Dativa alikaa meza kuu uso mkavu, macho hayapepesi, kama mtu aliyeletwa kwa nguvu. Wakwe walinong'ona. Theopista aliona aibu, kisha hasira.

"Baba Dativa, nimekukosea nini?" alimwuliza walipofika nyumbani.

"Hujanikosea," alijibu kwa sauti ndogo isiyopanda wala kushuka.

Theopista hakumwamini. Alihamia chumba cha pili, wakaishi kama wapangaji wawili waliokutana nyumba moja. Hata mkono wa Protase ulipoanza kutetemeka, alidhani anakunywa kwa siri.

Dativa ndiye aliyewachukua wote wawili hadi Bukoba, kwa daktari wa ubongo aliyekuwa amekuja kwa kliniki ya siku chache. Daktari Ismail alimtazama Protase akitembea, akamkunja na kumkunjua mkono, kisha akamwomba atabasamu. Uso haukusogea.

"Nimeshatabasamu," Protase alisema.

Theopista aliusogelea uso wa mumewe, akautazama.

Ismail aliwaeleza bila haraka kwamba Protase ana ugonjwa wa Parkinson. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kufanya kile mtu anachotaka. Kuna pia protini iitwayo alfa-sinukleini, ambayo kila mtu anayo. Kwa mgonjwa wa Parkinson protini hiyo hujikunja vibaya, hushikamana na kufanya mabonge, na seli zile hufa kidogo kidogo. Mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakufa.

"Na uso?" Theopista aliuliza.

"Uso pia, mama. Misuli yake imepunguza kucheza. Wengi hudhani mgonjwa amenuna."

"Kwa hiyo siku ya harusi..."

"Nilikuwa na furaha," Protase alisema. "Nilifurahi sana siku ile."

Theopista alilia njia nzima ya kurudi Muleba.

Usiku huo alirudi chumbani kwa mumewe. Vidonge alivyoandikiwa na daktari vilimsaidia Protase: mkono ulitulia, na mara nyingine upande mmoja wa mdomo ulipanda. Theopista aliacha kumenya ndizi za ebitoke ili autazame mdomo huo. Lakini baadaye dawa ikawa inamwishia mwilini kabla ya saa ya kidonge kingine. Protase alikuwa akikwama mlangoni, miguu imeganda sakafuni.

Dativa alimpigia daktari simu. "Hakuna dawa ya kuizuia hiyo protini?"

"Inatafutwa. Iliyothibitika bado haipo. Tunachofanya ni kuziba pengo la dopamini, hatuwezi kuzuia seli zisife." Kisha Ismail akaongeza: "Na mabonge hayo hayabaki sehemu moja. Yanaweza kuenea hadi kwenye akili na kumbukumbu. Jiandaeni."

Watajiandaaje, hakusema.

Protase alianza kuona watoto wamekaa chini ya migomba. Mwanzoni alijua hawapo. Halafu akaanza kuwafundisha kuhesabu. Asubuhi moja ya mvua Theopista alimletea uji, naye akajivuta ukutani kwa hofu.

"Wewe ni nani?"

"Theopista. Mke wako."

"Mke wangu ni msichana. Yuko kwao Kamachumu. Toka!"

Dativa alipokuja, alitaka kumweleza mama yake kinachotokea kichwani mwa baba.

"Usinieleze tena, mwanangu," Theopista alisema. "Nimeelewa kila kitu. Kuelewa hakujanisaidia."

Siku hizi Theopista humwogesha mumewe akiwa amejifunga kitambaa kichwani na aproni ya kazi, kwa kuwa Protase humkubali akidhani ni mwanamke wa kuajiriwa. Hakai naye akimaliza, maana kukaa kunamtia mumewe wasiwasi. Humfuta mgongo, humvisha shati, humfunga vifungo.

"Asante, mama," Protase humwambia kwa heshima, kama anavyoambiwa mgeni.

"Karibu, mwalimu," Theopista hujibu, kisha hutoka na beseni.