Mwalimu Asiyejua Kusimama

Mwaka ule wa sitini na saba, Beldina Nakhungu alikuwa mwalimu wa kisomo cha gumbaru, yaani darasa la watu wazima, huko Kisian. Idara ilikuwa imempa baiskeli nyeusi ya kike, yenye kengele na keria. Isipokuwa mumewe, hakuna aliyejua kwamba mwalimu huyo hakujua kuisimamisha.

Kuiendesha alijua. Akishakuwa juu yake, barabara ikiwa wazi, alikwenda moja kwa moja kama uzi wa mwashi, mgongo wima, kitambaa kichwani, ubao mdogo mweusi umefungwa nyuma. Tatizo lilikuwa mwanzo wa safari na mwisho wake. Ili kuondoka, alipanda juu ya jiwe la kufulia lililokuwa mlangoni pake Kondele, mjini Kisumu, na mumewe Wabwire akamsukuma kwa nyuma kama anayesukuma mtumbwi majini. Ili kusimama, aliacha kupiga pedali, akafumba macho, akaingia katika ua wa mnyaa uliozunguka kanisa dogo ambamo darasa lilifanyika. Mnyaa ulimpokea. Alijipangusa utomvu, akanyoosha marinda, akaingia ndani kufundisha herufi. Breki hakuzigusa. Alizigusa mara moja tu, siku ya kwanza, akarushwa mbele hadi kwenye bustani ya kabichi ya jirani, na tangu hapo alizihesabu kuwa adui.

Kati ya lile jiwe na ule mnyaa zilikuwa maili saba, na katika maili hizo zote Beldina hakusimama hata mara moja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Maana nchi ile ina adabu zake. Mwenye baiskeli akimkuta mzee njiani hushuka. Huiegemeza baiskeli kiunoni, hutoa mkono, huuliza habari za nyumbani, ndipo hupanda tena na kwenda zake. Kumsalimu mzee ukiwa umekaa juu ya kiti cha baiskeli ni kama kumsalimu ukiwa umepanda juu ya meza yake. Beldina aliyajua hayo vizuri. Kwao, upande wa Busia, ni vivyo hivyo. Lakini angeshukaje? Kila Jumanne na Jumamosi alipofika kwa Mzee Obiero, ambaye hukaa kwenye kigoda nje ya lango lake kando ya barabara, alipiga kengele na kupaza sauti, "Misawa, Mzee!" Kabla Mzee hajafungua kinywa, mwalimu alikuwa amekwisha kuwa vumbi.

Wanafunzi walianza kupungua. Mwanzoni walikuwa ishirini na wawili. Wakawa kumi na wanne, wakawa tisa. Jumanne moja Beldina alipojitoa kwenye mnyaa na kuingia kanisani alimkuta Anyango peke yake. Anyango aliuza samaki wa kukaanga stesheni ya Kisian, na alitaka kujua kusoma kuliko alivyotaka kula.

"Wengine wako wapi?" Beldina aliuliza.

Anyango alitazama chini. "Mwalimu, nikisema utakasirika?"

"Sema."

"Ni Mzee Obiero. Anasema wewe unasalimu watu kama mtu anayerushia kuku mahindi. Anasema yeye alikuwa mshika bendera wa reli hapa Kisian miaka ishirini na mbili. Treni ya mabehewa thelathini ikimwona inasimama. Lakini mwalimu wa magurudumu mawili anampita tu."

Beldina alitaka kucheka, lakini alipofikiria yaliyosemwa, aliacha. Mzee Obiero alikuwa mzee wa kanisa; neno lake ndilo lililofungua mlango wa kanisa kwa darasa, na ndilo lililokuwa likiufunga taratibu. Na siku hiyohiyo mkobani mwake alikuwa na barua kutoka ofisini. Afisa wa elimu ya watu wazima angefika Jumamosi, saa nane kamili, kulikagua darasa. Darasa lisilo na watu lingefungwa, na ubao, chaki na mwalimu vipelekwe mahali pengine.

"Nami nimefika kwenye silabi za 'nya'," Anyango alisema kwa huzuni. "Ndiyo kwanza naanza kuandika jina langu. Kwa nini usishuke, Mwalimu? Kushuka tu!"

Amwambieje mwanafunzi wake kwamba mwalimu hajui? Beldina alichukua chaki, akaandika ubaoni: nya, nye, nyi, nyo, nyu.

Jioni alipofika Kondele, Wabwire alimdaka kama kawaida, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti.

"Mama Nasipwondi," alisema huku akihema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "nikifa wewe utazunguka Kisumu nzima mpaka tairi iishe."

"Kesho asubuhi nakwenda kwa Hassan," Beldina alijibu. "Na usinicheke."

Hassan alikuwa fundi wa baiskeli karibu na njia panda ya Kondele, mtu mwembamba mwenye kofia nyeupe ambayo grisi haikuwahi kuigusa, ingawa mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alimsikiliza Beldina mpaka mwisho, kisha akainama na kukagua breki.

"Breki nzima, Mwalimu. Mpya kabisa. Kama hazijawahi kutumika."

"Hazijatumika."

Hassan alimtazama, akatazama magamba ya utomvu kwenye usukani, akaelewa. Kwa heshima yake hakucheka. Alifunga kibanda, akaikokota baiskeli mpaka kwenye uwanja mtupu, karibu na bomba la maji ambako akina mama walikuwa wamepanga foleni na madebe.

"Tuanze na kuondoka. Simama chini, baiskeli katikati ya miguu. Hapana, usitafute jiwe! Jiwe halitakufuata Kisian. Haya. Pedali ya kulia iweke saa nane."

"Saa nane ya mchana au ya usiku?"

Wale akina mama waliangua kicheko. Hata Hassan safari hii alishindwa kujizuia. "Kama mshale wa saa, Mwalimu! Unapoonyesha saa nane. Juu kidogo, mbele kidogo. Ukiikanyaga hapo inakusukuma yenyewe. Ikiwa chini, ukanyage nini? Haya, kanyaga, inua makalio, kaa."

Alikanyaga. Baiskeli ilikwenda hatua tatu, ikayumba kama mtu aliyetoka kwenye sherehe, ikaanguka. Beldina akaanguka nayo.

"Hiyo ni moja," alisema mama mmoja wa foleni. "Mwalimu, sisi tuko hapa mpaka maji yatoke. Usiharakishe."

Mara ya tano aliondoka. Mara ya sita aliondoka na kusahau kwamba hajafundishwa kusimama, akauzunguka uwanja mara nne akipiga kelele, mpaka Hassan akamkimbilia na kumshika.

"Sasa breki," Hassan alisema alipopata pumzi. "Kwenu mnafuga ng'ombe?"

"Tunafuga."

"Unamkamuaje? Unamvuta kwa nguvu?"

"Ukimvuta kwa nguvu anakupiga teke."

"Nayo itakupiga teke hivyohivyo. Kamua. Mikono yote miwili, polepole, kidogokidogo. Ikipoa, telezesha mwili mbele utoke kwenye kiti, mguu wa kushoto chini. Na usiangalie gurudumu. Gurudumu halipotei. Angalia pale mguu wako utakapokanyaga."

Alikamua. Baiskeli ikapunguza mwendo kwa upole ambao Beldina hakuwahi kuudhani. Mguu wa kushoto ukagusa ardhi. Alisimama wima katikati ya uwanja, hajaanguka, hajachomwa na kitu, na kwa muda hakujua la kufanya, maana hakuwahi kufika mahali bila kujipangusa.

Kwenye foleni vigelegele vilipigwa. Maji yalikuwa yametoka zamani, na hakuna aliyekuwa amekinga.

Alhamisi na Ijumaa asubuhi walifanya hivyo tena. Uwanjani Beldina aliweza. Lakini uwanja haukuwa na Mzee Obiero.

Jumamosi alilikwepa lile jiwe la kufulia kwa makusudi. Wabwire alisimama mlangoni mikono nyuma, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kugusa kitu. Pedali, saa nane. Beldina akakanyaga, akaondoka, na nyuma yake akamsikia mumewe akiwaambia majirani, "Mnaona? Nimestaafishwa."

Njia nzima alirudia: kukamua kidogokidogo, kuteleza, mguu chini. Alisema maneno hayo kama sala. Alipoupita mteremko wa mwisho na kuliona lango la Mzee Obiero, aliona pia kwamba Mzee amemwona. Mzee aliinuka, akakigeuza kigoda, akakaa tena akiipa barabara mgongo.

Beldina alikamua, lakini hofu ilikuwa imempa mikono ya mtu mwingine: alikamua kidogo mno. Lango likaja, likaanza kupita. Aliutazama mchanga pale alipotaka mguu wake ukanyage, akakamua tena. Baiskeli ikapoa, ikapoa, ikasimama, hatua nne baada ya kulipita lango. Mguu wa kushoto chini. Aliiweka kwenye stendi, akarudi zile hatua nne kwa miguu, akapiga goti kidogo na kutoa mikono yote miwili.

"Misawa, Mzee. Habari za nyumbani?"

Mzee Obiero aligeuka taratibu. Alimtazama yeye, akaitazama baiskeli, akamtazama tena. Mkono hakuupokea bado.

"Leo *japuonj* ametengenezewa breki?"

*Japuonj* ni mwalimu kwa Kijaluo, lakini Mzee alivyolitamka neno hilo lilikuwa na miiba. Jibu la uongo lilikuwa limekaa tayari, zuri na lenye heshima: ndiyo, breki zilikuwa mbovu. Beldina aliliacha.

"Breki zilikuwa nzima, Mzee. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kusimama. Nilikuwa naona haya kusema."

"Hukujua? Miezi yote hii?"

"Miezi yote hii."

"Na kanisani je? Ulikuwa unasimamaje?"

"Kwa mnyaa."

Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika. "Ule ua!" alisema. "Ule ua wenye tundu! Mimi nimegombana na kila mwenye mbuzi hapa Kisian! Jumapili nzima nimesimama mbele ya kanisa nikimsema Mama Apiyo na mbuzi wake!" Alicheka mpaka akashika lango, na hapo, akiwa bado anacheka, akaipokea mikono ya Beldina na kuitikisa muda mrefu. "Basi ondoka, nione."

Kuondoka mbele ya mtu aliyeruhusu treni miaka ishirini na mbili si jambo dogo. Pedali ilikuwa saa kumi na mbili. Akairekebisha hadi saa nane. Akakanyaga, akayumba, akanyooka.

Hakufika mbali. Kwenye boma la pili Mama Apiyo, mwenye mbuzi, alikuwa ameona yote akiwa langoni.

"Mwalimu! Yeye peke yake ndiye mwenye mvi?"

Beldina alikamua, akashuka, akasalimu. Aliulizwa kuhusu watoto, kuhusu Busia, kuhusu mvua. Akaondoka. Kwenye lango lililofuata walikuwa wamesimama wazee wawili wakimngoja. Baada yao bibi mmoja alitolewa nje na kigoda chake ili asikose. Nyuma, Mzee Obiero alifuata kwa miguu na fimbo yake, akisimulia habari za mnyaa kwa kila boma, na kila boma likatoka kumfuata. Mara saba Beldina alisimama, mara saba akaondoka. Kufikia mara ya tano alikuwa ameacha kuisema ile sala yake. Alikuwa akimjibu mtu kuhusu mahindi, na akashangaa kukuta mguu wake tayari uko chini.

Afisa alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele kanisani, saa yake mkononi, Anyango kando yake akiwa ameshika daftari kama ngao. Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano.

"Mwalimu, umechelewa sana," afisa alisema.

"Ndiyo, bwana. Nilikuwa nasalimia."

Afisa alitazama mlangoni. Watu waliendelea kuingia mpaka mabenchi yakajaa, wengine wakaegemea ukuta.

"Hawa wote ni wanafunzi?"

"Wengine ni wenye mbuzi," Mzee Obiero alijibu akivua kofia. "Wamekuja niwaombe radhi. Lakini madhali tumeshaingia, tutakaa. Mwalimu, mlikuwa mmefika wapi?"

"Kwenye 'nya'," alisema Anyango haraka, kabla ya mwingine yeyote.

Afisa aliandika katika kitabu chake kwa muda mrefu. Alipoondoka alisema ataomba ubao mkubwa zaidi.

Jioni Beldina aliliambaa tundu la ua, akaondoka bila ile ngazi ya kanisa aliyozoea kupandia, wala jiwe. Alipokaribia kwa Mzee Obiero alimwona amesimama katikati ya barabara, mgongo wima, mkononi bendera nyekundu ya reli iliyofifia hadi kuwa rangi ya matofali. Alikamua. Safari hii gurudumu lilisimama sawasawa mbele ya lango.

"Kuna nini, Mzee?" aliuliza, mguu chini.

"Hakuna kitu," alisema Mzee Obiero. "Nilitaka kuona tu."

Akaikunja nyekundu, akachomoa ya kijani kutoka kwapani, akaipeperusha.