Dada Asiyejua Kukataa

Kabla ya ugonjwa wa moyo, dada yangu alikuwa na ugonjwa mwingine: hakujua kumkatalia mtu. Ukimwomba sufuria, anakupa na mfuniko. Ukimwambia avae sweta juani, anavaa. Basi hata pale wodini, kijana wake kifungua mimba, fundi majokofu anayeamini kuwa kila kilichozima huwashwa, alipomwambia, "Mama, moyo ukisimama watauamsha, sawa?" alimjibu sawa. Baadaye binti yake akamwambia huku akimfuta uso, "Mama, siku ikifika tutakuacha upumzike, sawa?" Naye akajibiwa sawa.

Ugomvi ukahamia kwenye korido, mbele ya daktari.

"Mama kaniambia mimi mwenyewe," kijana alisema.

"Na mimi je? Mimi niliokotwa?" binti akamjibu.

Daktari hakupindisha maneno. Kumwamsha ni kumkandamiza kifua kwa nguvu, mbavu huenda zikavunjika, kisha mashine ya kupumulia. Kwa moyo uliochoka vile, hakutegemea arudi nyumbani. Akili ya dada ilikuwa timamu, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wake mwenyewe.

"Tatizo nikimuuliza mimi, naye ananiambia sawa," daktari alisema.

Nilicheka, nisione haya. "Daktari, huyu ndiye aliyenilea mgongoni, namjua. Mnamuuliza huku jibu mmeshamtilia mdomoni. Twendeni wote. Tukiwa pamoja hatapata wa kumridhisha."

"Mama mdogo, utamchosha," kijana alisema.

"Mnamchosha nyinyi."

Tukaingia. Nilikaa kitandani, jambo ambalo wauguzi walishanikataza mara nyingi.

"Dada, wanao hawa wanataka vitu viwili tofauti. Ukimpendeza huyu, unamuudhi yule. Moyo ukisimama, wewe unataka nini?"

Alimtazama mwanawe, akamtazama bintiye, kisha akanikazia macho mimi kwa hasira.

"Wewe tangu utotoni una kiherehere."

"Ninacho. Jibu."

Binti akataka kumsemea. Nikamfinya. Mwishowe dada aliupapasa mkono wa mwanawe, akaushika.

"Hapana, baba. Wasinikandamize. Chumvi nimekula ya kutosha."

Sikuwahi kumsikia akimkatalia mtoto yule kitu chochote, hata pipi. Kijana akalia waziwazi, mwanamume mzima.

"Kwa hiyo nikae tu nikutazame?"

"Kaa. Kukaa nako ni kazi."

Daktari akamuuliza tena kwa maneno mengine, akapata jibu lile lile, akaenda kuwaarifu wauguzi. Mimi nilitoka nikalie chooni. Nilijua nimefanya sawasawa, na ningefanya tena kesho, lakini nilikuwa nimemsaidia dada yangu kuniacha.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja, chai ikigawiwa wodini, pumzi zake zilianza kukatika, kisha zikakoma. Kijana aliruka, viganja vyote viwili vikawa juu ya kifua cha mama yake.

Muuguzi alisimama mlangoni akimtazama. Alijua msimamo wa mgonjwa, lakini alishaona watoto wengi wakigeuka dakika ile.

"Kaka, niite daktari?"

Kijana akaitoa mikono kifuani. Akaketi, akaushika mkono wa mama yake.

"Funga mlango, sista," alisema. "Mama amekataa."