Uzi Mnene

Watu walimwita Asali, na jina lilimkaa. Hajawahi kubishana na mwamuzi, hajawahi kuvunja raketi, na hata akipigwa na mpira wa mpinzani, yeye ndiye anayeomba radhi. Mwenzake uwanjani alikuwa kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache, aliyeitwa Fundi kwa sababu alizifunga mwenyewe nyuzi za raketi zao wote wawili. Mashindano ya tenisi ya daraja la pili hayana anasa. Mchezaji hufua soksi zake kwenye sinki la hoteli na kuzianika dirishani. Miaka sita mashemeji hao walikuwa wamezunguka hivyo, na leo walikuwa fainali. Wakishinda, wanapanda daraja la kwanza.

Saa moja kabla ya mchezo, dada yake Fundi, mke wa Asali, alimletea kaka yake taulo kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo. Alivaa blauzi ya mikono mirefu, na joto lile la kuchoma! Aliponyoosha mkono kumpa, mkono wa blauzi ukapanda.

Kwenye ngozi palikuwa na vimraba vidogo vya zambarau, vimejipanga safu kwa safu kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko.

"Nini hiki?"

"Nimelalia kiti cha waya, kaka. Usianze."

Fundi akaushika mkono ule, akausogeza kwenye taa. Hakuhitaji daktari. Katikati ya vimraba ulipita mstari mmoja mnene kuliko mingine. Wiki iliyopita uzi mmoja wa raketi ya Asali ulikatika, na Fundi akautia kiraka kwa kipande cha uzi mnene alichokiokota mkobani. Raketi ya namna hiyo ilikuwa moja tu duniani.

"Tangu lini?"

"Kila mkipoteza seti. Nilimwambia mama, akasema, Asali? Usimsingizie mtoto wa watu."

"Namuua leo."

"Humuui. Unacheza, unashinda, mnapanda daraja. Ukimkosa yeye utacheza na nani? Miaka miwili nimevumilia kwa ajili yako, kaka. Usiniharibie leo."

Maneno hayo yalimchoma kuliko vile vimraba. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, lakini Fundi alikuwa amelala ndani ya nyumba ile, kwenye kochi la sebuleni, sijui mara ngapi. Na hakuwa amesikia kitu.

Basi wakacheza. Seti ya kwanza walishinda. Ya pili walipoteza, na Fundi akatupa jicho jukwaani, alikoketi dada yake pamoja na mama yao. Mama alikuwa anapepea kofia. Dada alikuwa anaushusha mkono wa blauzi mpaka vidoleni. Uvumilivu wa Fundi ukaishia hapo.

Zikaja pointi za kuamua bingwa, wa kwanza kufika kumi. Walikuwa na tisa, wapinzani saba. Ilibaki pointi moja, na wa kuanzisha mpira alikuwa Fundi.

Sasa, katika tenisi ya wawili wawili, mmoja akianzisha, mwenzake husimama karibu na wavu na kumpa mgongo. Humpa mgongo kabisa, bila kugeuka, maana anamwamini. Mkono mmoja huuficha nyuma ya kaptula na kuonyesha kwa vidole mpira uende wapi. Asali alionyesha kidole kimoja: piga katikati. Kisogo chake kilikuwa kimenyolewa vizuri.

Fundi akaurusha mpira juu, akaupiga kwa nguvu zake zote. Ukamkuta Asali chini ya sikio, naye akaanguka kifudifudi.

Uwanja mzima uliguna. Mwamuzi akatangaza kosa. Sheria inaruhusu mpira wa pili. Asali akainuka, akatema damu, akawapungia watu mkono, na watu wakampigia makofi. Kisha akamfuata Fundi, anatabasamu.

"Vipi shemeji, jua limekuzidi?"

"Nimeuona mkono wa dada yangu."

Tabasamu halikubanduka. "Ya chumbani yaache chumbani, shemeji. Maliza mchezo. Tukishindwa hapa, unajua nani atalia."

Akarudi wavuni, akampa mgongo tena! Hakuwahi kuona sababu ya kumwogopa mtu yeyote wa familia ile.

Mpira wa pili Fundi aliulenga kwenye figo. Asali alipiga goti, akatoa sauti kama ya mbuzi. "Tisa kwa nane," akasema mwamuzi. Fundi akatupa raketi chini, akaweka mikono nyuma.

"Njoo," alipaza sauti, uwanja wote ukasikia. "Nipige kama unavyopiga nyumbani."

Asali akaja. Uso ule alikuwa ameuona mwanamke mmoja tu. Raketi ilimshukia Fundi shavuni kwa ubapa, mara moja, mara mbili. Ya tatu ikaja kwa ukingo na jino likatoka. Fundi hakuinua mkono. Wapinzani waliruka wavu, wakamwangusha Asali na kumkalia, naye bado anarusha mateke na kutukana matusi ya nguoni mbele ya watu elfu mbili.

Mchezo ukavunjwa. Daraja la kwanza likaenda na maji.

Katika chumba cha daktari dada yake aliketi naye kitandani, analia na kumgombeza. "Mjinga wewe. Miaka sita, kaka!"

"Mama ameona?" aliuliza Fundi kwa mdomo uliovimba.

"Ameona. Yuko nje, hawezi kuingia. Anaona haya."

Kisha, bila kuombwa, dada akaipandisha blauzi mpaka begani. Daktari akautazama mkono, akalitazama shavu la Fundi: vimraba vilevile, na mstari mnene ukipita katikati. Akaenda kumwita askari.

Askari aliingia na raketi ndani ya mfuko wa plastiki. "Hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu," alisema dada.

Askari akaandika. Fundi aliuangalia ule uzi mnene, umelowa damu.

"Andika na jina langu," alisema. "Nyuzi nimezifunga mimi."