Jino la Ukutani

"Mmenichora!"

"Ndiyo, tumeku—"

"Nasema mmenichora!"

"Na mimi nasema ndiyo, kaka, tumekuchora. Ulitaka tukuimbe?"

"Mmenichora mbele ya mtaa mzima, halafu unasimama hapo unani—"

"Ukuta si ndio uko mbele ya mtaa mzima? Tungekuchora nyuma ya choo?"

Walikuwa wanagombana kwa neno moja lenye maana mbili. Kinyozi alimaanisha kule kuchorwa kwa mtaani, yaani kugeuzwa kichekesho, watu wakupite wanagongana viwiko. Brashi, binti aliyekuwa anawafundisha watoto wa mtaa kuchora, alimaanisha rangi, ngazi na ukuta. Ubaya ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Maana kinyozi alikuwa pale, ubavuni mwa saluni yake mwenyewe, kuanzia kwenye msingi hadi kwenye bati. Mashine ya kunyolea mkononi, tumbo limetangulia kama limetumwa dukani, na anacheka. Hakuwa anatabasamu kama watu wa picha za kitambulisho. Alikuwa anacheka mpaka kidaka tonge kinaonekana. Na pale mbele, safu ya juu, palikuwa na pengo. Jeusi tii, pana, mtu ungedhani ni dirisha wamesahau kulitia kioo.

"Nani amechora mdomo?" kinyozi aliuliza, kiganja kikiwa juu ya midomo yake. Hiyo ilikuwa tabia yake. Aliongea kwa kiganja, alicheka kwa kiganja. Watu wazima wa mtaa ule walikuwa wanamjua kuanzia puani kwenda juu.

Watoto wote wakageukia upande mmoja. Binti mdogo waliyemwita Swali, kwa sababu hajawahi kuambiwa kitu akakikubali hivihivi, akanyoosha mkono uliojaa rangi.

"Mimi. Kwani sivyo ulivyo? Ukitunyoa sisi huzibi mdomo. Unatuchekesha ili tutulie, halafu unacheka wewe kuliko sisi. Na ulituambia jino ulivunjwa na majambazi watatu na wewe ukawapiga wote."

Kinyozi akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Aliingia ndani akatoka na ndoo ya chokaa, akaitua chini kwa kishindo mpaka watoto wakarudi nyuma.

"Ukuta ni wangu. Ama mnatia jino, ama kabla ya tamasha napaka chokaa kuanzia nywele mpaka soli. Chagueni."

Sasa huyu Brashi, jina hilo alipewa kwa sababu ya brashi aliyokuwa anaichomeka kwenye nywele na kuisahau, mpaka siku nyingine analala nayo. Likizo ndefu ile wenzake walikwenda kupumzika, yeye akaokota watoto wa mtaa na kuwafundisha kuchora, bure, kwenye kivuli cha saluni. Mama yake alikuwa hoi. "Kujitolea, kujitolea! Siku moja utajitoa na wewe mwenyewe humu ndani, tukutafute." Kamati ya tamasha la mtaa iliwapa mabaki ya rangi na ruhusa ya kuchora ukuta mmoja, wakiupata. Kinyozi ndiye aliyewapa wake, kwa sharti kwamba wachore "kitu kizuri".

Brashi naye aliwawekea watoto sheria moja: chora unachokiona, usichore unachodhani. Na aliwapa ahadi moja: mtakachochora hakifutwi na mtu. Wao wakamwona kinyozi, wakamchora.

"Jino la namna gani?" Brashi aliuliza.

"Jino! Jeupe. Safi. Lionekane."

Angesema tu "jino" mambo yangeishia hapo. Lakini alisema lionekane, na Brashi ni mtu mmoja hivi, ukimwachia upenyo wa utani mwembamba kama uzi wa sindano, anapita mzimamzima. Huyu ndiye aliyewahi kuchora kitasa kwenye ukuta mtupu wa ofisi ya kamati, mwenyekiti akashinda anakikamata na kukikosa huku anamlaumu fundi seremala. Macho yake yakaenda kwenye kopo dogo lililobaki baada ya kupaka madirisha ya shule. Rangi ya mafuta, nyeupe, ya kung'aa.

"Mwalimu," Swali alisema wakati Brashi anapanda ngazi, "si ulisema hakifutwi?"

"Sifuti. Naongeza."

"Unaongeza juu ya pengo langu."

Brashi akajifanya hakusikia. Akapaka mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwa raha zake.

Kesho yake asubuhi jua lilipochomoza lilikuta jino. Picha nzima ilikuwa ya rangi ya maji, imepoa, haina makuu. Jino peke yake liliwaka. Dereva wa lori alifunga jicho moja akipita. Mama mmoja alisimama akajitazama humo, akapanga kilemba chake vizuri, akaendelea na safari. Kufika mchana watu walikuwa wanaelekezana, "Nenda moja kwa moja, ukifika kwenye jino kata kushoto." Watoto wa mtaa wa pili waliokuja kunyolewa walisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo, Bwana Jino."

Brashi alicheka mpaka akashika mti. Kisha kinyozi akatoa kichwa mlangoni, akamwita kwa kidole, hana hata hasira. Hapo ndipo Brashi alipoogopa.

Ndani kulikuwa hakuna mteja. Kinyozi akamkalisha kwenye kiti cha kunyolea, akamgeuza kuelekea kwenye kioo, akasimama nyuma yake kama anataka kumnyoa. Halafu akashusha mkono. Brashi akaliona pengo lenyewe kwa mara ya kwanza, kiooni, na akili yake ya kialimu ikamtangulia: Swali alipatia vipimo.

"Mama yangu anakuja Jumamosi, kwa ajili ya tamasha," kinyozi alisema.

"Hongera."

"Hongera ya nini? Sikiliza. Kila akipiga simu, kitu cha kwanza: umeweka jino? Salamu baadaye, jino kwanza. Mwanamume mzima utakaaje na pengo, umeweka jino? Nikachoka. Nikamwambia nimeweka."

"Lini?"

"Zamani. Na mdomo nao haukutosheka, nikatia chumvi. Nikamwambia ni zuri, nikamwambia wateja wanalisifia."

Brashi akang'ata mdomo wa chini kwa nguvu ili asimcheke mtu usoni.

"Cheka tu," kinyozi alisema. "Lakini mpango wangu ulikuwa mzuri. Mama anafika, anaona picha ina jino, roho yake inatulia. Mimi nazuga naumwa koo, sifungui mdomo, anakula tamasha lake anarudi zake. Nilitaka jino la kupita kimyakimya, binti. Wewe umeniwekea taa! Sasa hata kabla hajashuka kwenye basi watamwambia, mama, umeliona jino la mwanao? Na yeye namjua, atasema, hebu achama nilione."

"Mama ni mkali?"

"Mama akikohoa mimi nasimama. Na mvi zote hizi." Akamtazama kiooni. "Nimemdanganya mama yangu, na nimemdanganya kwa muda mrefu. Sitaki ajue mbele za watu. Lipoze hilo jino, tafadhali. Lipoze tu."

Mzaha wote ukamtoka Brashi kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alitoka pale akachanganya rangi ya maji, kijivu kidogo, manjano kidogo, jino la mtu wa kawaida anayekunywa chai. Akapaka. Rangi ikateleza juu ya ile ya mafuta, ikajikusanya matone matone, ikachuruzika kidevuni. Sasa kinyozi alikuwa anang'aa na anadondosha mate. Akapaka tena, ikateleza tena. Swali alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitazama, na hakuuliza swali hata moja, jambo lililomuuma Brashi kuliko kuulizwa.

Jumamosi asubuhi, wakati watu wanafunga mapambo barabarani na spika zinajaribiwa moja, mbili, moja, mbili, Brashi alikuwa juu ya ngazi na kisu cha kukwangulia rangi. Hakukuwa na njia nyingine. Alikwangua kona moja ya jino, ikatoka kama ganda la yai. Basi la mama yake kinyozi lilitegemewa mchana. Muda ulikuwepo.

"We binti! Unamfanya nini mwanangu mdomoni?"

Muda haukuwepo. Chini alisimama mama mmoja mfupi, mkoba begani, viatu vya safari miguuni, kichwa amekiinua kama anayekagua dari linalovuja. Basi lilikuwa limewahi.

Kinyozi akatoka mbio, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa, shuka bado limefungwa shingoni. Watu waliokuwa wanafunga mapambo wakaacha kufunga. Jambo likiwa tamu, habari zake hazihitaji spika.

"Shikamoo, mama," kinyozi alisema kwa kiganja.

"Marahaba. Toa mkono."

"Naumwa koo, ma—"

"Koo liko hapo? Toa mkono, achama."

Akaachama. Mtaa mzima ukainama kidogo, ukaangalia. Mama akatazama pengo, akatazama ukuta, akarudi kwenye pengo.

"Uliniambia umeweka jino," alisema polepole. "Kumbe umeliweka ukutani!"

Weee! Mteja wa nusu kichwa alikaa chini barabarani. Mwenye spika alicheka karibu na maiki, kicheko kikaenda mpaka mtaa wa tatu. Brashi, juu ya ngazi, alitamani na yeye awe mchoro tu, asiulizwe kitu.

"Usimgombeze, bibi," Swali alisema, akajipenyeza mbele. "Si kosa lake. Alipigwa na majambazi watatu."

"Majambazi?" Mama akamgeukia mwanawe. "Hivyo ndivyo unavyowaambia watoto wa watu? Jambazi ni mimi! Uzi na kitasa cha mlango. Na jino lililokuwa linatingishika lilikuwa la pembeni yake, nikafunga uzi kusiko. Hilo nililong'oa halikuota tena."

Kinyozi alikuwa hana tena cha kuzibia. Kiganja kilikuwa kimeanguka ubavuni kama kitambaa kilicholowa. Mguuni kwake ilikuwepo bado ile ndoo ya chokaa, na Brashi aliona macho yake yakiishukia. Alilijua wazo lile. Angepaka yote, picha, jino, watoto, aibu, na Brashi angebaki na ahadi yake mkononi na macho ya Swali mgongoni.

Lakini mama hakuwa amemaliza. Alirudi nyuma hatua chache, akalaza kichwa upande mmoja, akaitazama picha vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyekutana na anayemjua stendi na hakumbuki ni wapi walikorofishana. Kisha akapiga kofi pajani.

"Loo!"

"Nini, mama?"

"Kumbe ukiweka jino unafanana na baba yako."

Kinyozi mwenyewe akaigeukia picha, akaikunjia uso, na ilionekana wazi kwamba hata yeye sasa amemwona mzee.

"Yaani miaka yote nakusumbua, weka jino, weka jino," mama alisema, "kumbe yule mwanamume niliyefurahi kuachana naye namtengeneza kwa mikono yangu nimrudishe! Mdomo wa kwanza alichora nani?"

Swali akanyoosha mkono, taratibu safari hii.

"Una macho, mjukuu wangu." Mama akavua mkoba, akamtundikia mteja wa nusu kichwa begani kana kwamba ni msumari, akavua viatu, akakunja mikono ya gauni. "Binti, shuka. Niletee hicho kisu. Na wewe," akamwambia mwanawe, aliyekuwa ameachama mtaa mzima unamwona, "la kwanza nilikung'oa mimi, hili simwachii mtu. Njoo unishikie ngazi."