Ubeti wa Miranda

Absalom alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi, akainua kidevu, akaghani shairi langu.

Alilighani vizuri, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Alipumua pale ninapopumua. Neno la mwisho alilishusha taratibu, kama mtu anayetua debe la maji kutoka kichwani, vile nilivyomfundisha mwenyewe. Kwenye benchi la nyuma mwanamke mmoja alisahau yuko kortini, akapiga makofi mawili, askari akamtazama, akaificha mikono chini ya leso.

*Kibanda kina mwenyewe, hata kama cha mabati,*
*Mwenye tinga na ajuwe, tumeota kama mti,*
*Akija na apokewe, si kwa chai si kwa kiti,*
*Haki yetu tupatiwe, hatuombi kwa magoti.*

Gathii, kiongozi wa mashtaka, alingoja maneno yatulie. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, "Kama si kwa chai, na si kwa kiti, mgeni huyo alipaswa apokewe kwa kitu gani?"

Absalom hakunitazama. "Siwezi kujua," alisema. "Lakini baadaye walirusha mawe."

Mimi sikuwa nimesema neno tangu waliponikamata. Mimi, ambaye mama yangu Nekesa husema nilizaliwa nikijibu.

Situngi kwa kalamu. Shule niliiacha kidato cha pili. Vina na mizani nilijifunza redioni, nikaviweka miguuni. Hutunga nikitembea, na nyayo zinanihesabia. Kwa hiyo shairi lile lilikuwa na makao mawili tu duniani: kichwa changu na kichwa cha Absalom.

Tulitahiriwa pamoja, Agosti, kwao Mabanga. Alfajiri walitupaka matope ya mtoni mwili mzima, tukasimama uani bega kwa bega, macho mbele. Kwetu Wabukusu kijana hapigi kelele, hakunji uso, hata kope hatikisi. Ukoo mzima unakutazama usoni, wala hautazami kisu. Nilikuwa mtoto mwenye mdomo, na wajomba walikuwa wameweka dau kwamba nitalia. Nilihisi bega la Absalom likitetemeka. Nikaegemeza langu juu yake, kidogo tu, mpaka likatulia. Tangu siku hiyo hatukuitana majina. Yeye aliniita bakoki, nami nikamwita bakoki, yaani wa rika moja, waliomwaga damu pamoja.

Yeye akaenda chuo kikuu kusoma sheria. Mimi nikabaki Kitale, mtaa wa Tuwan, nikimsaidia mama kuuza omena, dagaa wa ziwani. Lakini kila likizo alikuja, na jioni tulikaa kwa Hibo, mama wa Kisomali mwenye kibanda cha chai kando ya chetu, Absalom akatufungulia Marekani kama mtu anayefungua bahasha ya peremende.

Alitusimulia habari za Gideon, mfungwa maskini wa Florida aliyeiandikia Mahakama ya Upeo kwa penseli kutoka gerezani, hadi ikaamriwa kwamba asiye na uwezo apewe wakili. Alitusimulia habari za msichana wa shule aliyevaa kitambaa cheusi mkononi kupinga vita, na majaji wakasema mwanafunzi haachi haki yake kwenye lango la shule. Hadithi zile zilinipanda kichwani kama homa. Kila hukumu aliyoleta, niliigeuza shairi kabla hajarudi chuo.

"Kuna ya mbaguzi mmoja wa Ohio," alisema siku moja. "Alisimama shambani akatukana watu weusi na kutishia serikali. Alifungwa. Majaji wakamfungua."

"Ati wakamfungua?" Hibo aliweka birika chini. "Hao majaji walikunywa nini?"

"Walisema maneno peke yake si kosa, mama. Ni kosa yakikusudia fujo hapo hapo, na yakielekea kuileta kweli."

"Sasa mtu mbaya kama huyo analindwa ya nini?"

"Ndio na huyu Tonny alindwe akitukana watu kwa mashairi," alisema, akininyooshea kidole.

Tulicheka. Hibo alinimiminia chai akasema, "Na hiyo mahakama ya Amerika, inaweza kuja Tuwan kutoa tingatinga?"

Kwa maana habari ya tingatinga ilikuwa imeshaanza kusemwa. Mtu alikuwa amenunua kiwanja, na vibanda vyetu vilikuwa juu yake.

Lakini hukumu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Miranda. Alikuwa kibarua wa Arizona, akakamatwa, akahojiwa mpaka akakiri, hakuna aliyemwambia kwamba angeweza kunyamaza. Majaji wakaitupa hukumu yake. Wakaamuru kila mshukiwa aambiwe: una haki ya kunyamaza.

"Na sisi tumeandikiwa," Absalom alisema. "Katiba yetu, kifungu cha arobaini na tisa. Bakoki, siku wakikushika, funga mdomo. Hawana kitu bila mdomo wako."

"Halafu Miranda akaenda wapi?"

Alikunywa chai yake. "Si alishinda, bana."

Nikatunga. *Kinywa ni mlango wako, ufunguo unashika.* Absalom alilikariri shairi lote kabla chai haijapoa.

Asubuhi ya tingatinga mvua ilikuwa kubwa. Nilipanda juu ya meza ya omena nikaghani, na Absalom akasimama nyuma yangu akinishikia mwavuli. Watu walinyamaza, wakaitikia, wakasimama mbele ya vibanda vyao. Tuliimba mpaka dereva akazima injini, akashuka akasimama barazani kwa Hibo. Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kubadilisha shati pale injini ilipowashwa tena na kibanda cha kwanza kikalala. Hapo ndipo mawe yaliporuka, na dereva akapasuka paji la uso.

Jioni walinikamata kwa uchochezi.

"Wewe ndio mshairi?" askari aliniuliza. "Si utuimbie basi."

Nilisimama macho mbele. Hata kope sikutikisa.

Siku zilizofuata walitafuta maneno yangu mtaa mzima. Video zilikuwepo, watu walikuwa wamerekodi, lakini mvua ilipiga mabati ikameza kila kitu. Ulichoona ni mdomo wangu ukifunguka na kufungika kama wa kambare aliyetolewa majini. Walimuuliza Hibo. "Mimi Kiswahili ya mashairi sijui," aliwaambia. "Mimi najua chai." Wengine walisema walikuwa wakiokoa mali yao, hawakusikia. Tuwan nzima ilifumba mdomo pamoja nami, na kule rumande nilijivuna. Niliwaza: hivi ndivyo hukumu inavyokuwa hai, mtaa mzima ukishika ufunguo.

Absalom hakuja kunitembelea. Nilidhani anatafuta wakili.

Alikuwa amepewa kuchagua, nilikuja kuambiwa. Alionekana kwenye video na mwavuli. Angeweza kusimama kizimbani pamoja nami, na uwakili aupungie mkono, au asimame kizimba kile kingine.

Kwa hiyo nilimtazama akishuka, ameghani kila neno kama lilivyo. Hakuongeza, hakupunguza. Angedanganya ningemshinda, uongo nina jinsi ya kuupiga. Nilikuwa bila wakili. Hakimu alinigeukia akauliza kama nina swali kwa shahidi. Nilitaka kuuliza habari ya mbaguzi wa Ohio, kama naye rafiki yake alisimama akamghania. Nilitaka kumuuliza bega lake linaendeleaje. Nilitikisa kichwa.

Nilipewa kifungo cha nje, mwaka mzima nisighani mbele ya watu. Vibanda vilikuwa vimekwenda. Mama alihamia Bungoma akaanza upya, nami nikamfuata, bubu.

Ni huko, nikipekua simu mchana mmoja sokoni, nilipokutana na Miranda tena. Alishinda, kweli. Kisha akashtakiwa upya, na maungamo yake hayakutumika, kwa kuwa majaji walikuwa wameyatupa. Kikaletwa kitu kingine. Mwanamke aliyeishi naye alisimama akaeleza alichoambiwa na Miranda mwenyewe, faraghani. Wakamfunga kwa hayo.

Nilisoma mara mbili, omena zikikauka mbele yangu. Ilikuwa hukumu ya Absalom ya kupigia mfano, aliijua mpaka mkiani. Alinipa nusu. Kama aliificha nusu ya pili ili hadithi iwe tamu, au hakutaka tu kuisema mbele ya chai, sijui, na sitamuuliza.

Siku ile nilitunga ubeti mmoja, nikitembea kutoka sokoni hadi nyumbani.

Mwaka huu baba yake Absalom alifariki. Nilikwenda Mabanga, kwa kuwa baba wa bakoki ni baba, na hakuna korti iliyofuta hilo. Nilichimba kaburi na wengine. Ardhi ilikuwa mbichi. Absalom alikuja ukingoni na suti yake nyeusi ya uwakili, akavua koti, akashuka shimoni akachukua jembe. Tulichimba bega kwa bega. Mwishowe wengine walikwenda kunywa maji, tukabaki wawili.

"Bakoki," alisema, "kesho umsemee mzee kitu. Watu wanangoja. Kifungo chako si kilishaisha?"

Nilifuta jembe kwa kidole gumba.

"Basi hata ile ya Miranda. Mzee aliipenda sana." Akaanza mwenyewe, kwa sauti ya chini, "*Kinywa ni mlango wako, ufunguo unashika…*" Aliighani yote, pumzi mahali pake, mpaka mwisho anaoujua.

"Siku hizi ina ubeti mwingine," nilisema.

Aliinua uso. Matope yalikuwa yameanza kukauka kwenye shavu lake, na kwa nukta moja alikuwa mvulana yule wa Agosti.

"Nisemee."

Nilikuwa nao wote kinywani, vina vyake vimekaa sawa. Nilishika ukingo wa kaburi, nikajivuta juu, nikaenda kunywa maji.