Kisogo cha Maiki

Wale dada wawili walianza kipindi chao na simu tu, imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, na kwa muda mrefu ikawatosha.

Mkubwa alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: cherehani pale dirishani apate mwanga, meza ya kukatia katikati, pasi juu ya tofali, na nguo za watu zimekunjwa kwenye rafu, kila moja na karatasi yake ya vipimo imefungwa kwa uzi wa rangi ya nguo yenyewe ili asichanganye. Tangu mumewe afariki na watoto waende zao, aliyebaki wa kuzungumza naye mle ndani ni kitambaa kilichokuwa mezani siku hiyo. Mdogo wake alirudi kwake ndoa ilipomshinda, na begi moja na simu ya maana. Kushona alikuwa hajui, hata uzi hautii kwenye sindano bila kuulamba mpaka ukalainika wote. Kuongea, hapo usimguse.

"Dada, siku hizi watu wanajifunzia kila kitu kwenye simu," alimwambia. "Wewe shona, mimi nitaeleza. Nikikosea unanirekebisha."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi jioni wanarusha moja kwa moja, mdogo amekaa upande wa mlangoni na wanja wake machoni, mkubwa upande wa dirishani na utepe wa kupimia shingoni. Mdogo anaeleza, mkubwa anadakia. "Usikate kwa hasira, kitambaa hakijakukosea." Au mdogo akiinua shati akasema mshono umenyooka, mkubwa anajibu bila kuinua kichwa, "Umenyooka kama njia ya mlevi, fumua." Watu huko waliko wanacheka, wanaandika: huyo dada wa dirishani mwacheni aseme. Mdogo anamsomea. Mkubwa anajifanya hajali, anapuliza vumbi la chaki, lakini akienda kulala maneno yale anakwenda nayo. Alikuwa amefika umri ambao watu humsemesha kwa kumpa kazi tu: punguza hapa, refusha pale, lini itakuwa tayari. Sasa kulikuwa na watu wasiomjua wanaokaa wakimngojea aseme.

Tatizo likawa sauti. Cherehani ilinguruma, chumba kilirudisha mwangwi, na walioandika kwamba hawasikii wakazidi kuwa wengi. Wakaenda dukani kutafuta maiki.

Mwenye duka alikuwa baba mmoja mwenye tumbo la kumtangulia, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na alizipenda bidhaa zake kuliko wateja. Aliwapangia maiki tatu juu ya kabati la kioo.

"Mama zangu, maiki ni kama mtu," akasema. "Hii ya kwanza ni mbea. Inasikia huku na huku, ikikosa habari humu ndani inachukua za jirani. Mna mtoto analia? Mna jogoo? Vyote mtavirusha." Akaisukuma pembeni. "Hii ya pili inasikia usoni tu. Aliye mbele yake anatoka safi kama yuko redioni. Aliye kisogoni kwake, samahani, ni kama hajazaliwa."

"Na hii?" mkubwa akauliza. Alikuwa ameshaishika ya tatu, anaigeuzageuza kama nguo anayotafuta ndani yake ilivyoshonwa.

"Hiyo ina kitufe. Ukikizungusha hapa inasikia mbele na nyuma, pembeni inaziba. Ni ya watu wawili wanaotazamana. Bei imepanda kidogo tu."

"Si ndiyo yetu hii," mkubwa akasema. "Sisi tunatazamana."

Mdogo akamshika mkono, kama mtu anayemvusha mwenzake barabara. "Dada, huko nyuma yake si utakuwepo wewe na cherehani yako? Tutakuwa tumerudi kulekule. Hii ya usoni inatutosha. Ukitaka kusema, nitakugeuzia. Kazi ya mkono tu."

"Utanigeuzia."

"Kwani mimi na wewe tuna ugomvi? Nitakugeuzia."

Mwenye duka alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akashusha miwani na kuanza kutafuta boksi. Mkubwa akafungua pochi, maana hela ya kununulia ilikuwa yake, akalipia ile ya usoni. Jambo la cherehani lilikuwa kweli; aliisikia mwenyewe ikinguruma. Hilo lingine lililomkereketa moyoni hakujua aliseme vipi mbele ya mtu aliyeshika boksi.

Nyumbani wakaifunga kwenye stendi yake katikati ya meza, wakaivika sponji nyeusi kama kofia ya baridi. Uso kwa mdogo, kisogo kwa mkubwa.

Jumamosi ya kwanza mkubwa alidakia kama kawaida yake. Akamwona mdogo anaitikia kwa kichwa, anatabasamu, anaendelea. Maiki haikugeuzwa. Labda inanichukua hivyohivyo, akafikiri, mimi sauti yangu si ya kuitafuta. Akapaza zaidi. Jumamosi zilizofuata zikaenda vilevile, na akaanza kuona ajabu kwamba hasomewi tena yale maneno ya watu. Akajiambia pengine wameacha kuandika.

Aliyemfumbua macho ni mteja wake wa siku nyingi, muuguzi, aliyekuja kujaribu sare.

"Fundi, mmekorofishana na mdogo wako?"

"Kwa nini?"

"Siku hizi husemi. Unakaa pale kama mshitakiwa."

"Mimi sisemi? Nasema mpaka koo linakauka."

Muuguzi, pindo likiwa bado linaning'inia, akatoa simu kwenye mkoba akamwekea. Sauti ya mdogo ilitoka ya karibu, ya joto, kama imeingia yenyewe sikioni. Mkubwa akajiona anachezesha mdomo, na kilichosikika ni kama mtu anayeongea nyumba ya tatu, milango imefungwa. Halafu akaona kitu kingine. Mdomo wake unafunga, mdogo anatulia kidogo na tabasamu lake, kisha anasema kwa ile sauti tamu: "Jamani, tusikate kwa hasira. Kitambaa hakijatukosea." Sifa zikapanda kwenye kioo kama povu. Mwalimu una maneno wewe. Mwalimu utatuua kwa kicheko.

"Mimi nilidhani ni yake," muuguzi akasema polepole. Akaizima simu. "Usimwambie ni mimi niliyekuonyesha."

Jioni mkubwa alimkuta mdogo wake ukumbini anapaka rangi kucha, vidole amevipanua kwenye goti.

"Maneno yangu unayasema wewe."

"Si tulikubaliana unirekebishe? Ndiyo narekebishika hivyo."

"Uliniambia utanigeuzia."

"Nikugeuzie katikati ya maelezo, dada? Watu wasikie krr, krr?" Akapuliza kucha. "Na usikasirike, lakini wewe unaongea kama unagombana na mtu. Watu wanataka sauti moja, waizoee."

"Kazi ni yangu."

"Na mikono yako inaonekana. Nani kakuficha?"

Jibu lililomjia mkubwa ni la kumwambia achukue begi lake, na alijua likishatoka mdomoni atabaki tena na vitambaa vyake. Akaingia chumbani kwake akakaa ukingoni mwa kitanda, bado utepe uko shingoni.

Jumamosi iliyofuata somo lilikuwa kola. Mdogo alipomaliza tu kukaribisha, mkubwa akanyoosha mkono juu ya meza, akaishika maiki shingoni, akaigeuza uso wake kwake.

"Habari zenu," akasema. "Mimi ndiye yule dada wa dirishani. Leo kola nawaeleza mwenyewe."

Alitegemea mdogo atainyakua. Hakuinyakua. Aliegemea kiti, akakunja mikono, akatabasamu vilevile. Mkubwa akaeleza: kola ina kitambaa cha juu na cha chini, na cha chini ukipunguze kiduchu, la sivyo ncha zitainuka kama masikio ya mbuzi. Alilisema hilo vizuri. Akangoja.

Mdogo akainama kwenye simu, akamsomea taratibu, kama anayesoma majibu ya hospitali. "'Huyo mama ni nani?' 'Sauti imeharibika, mmegusa nini?' Huyu anauliza kama mwalimu anaumwa. 'Tunamtaka mwalimu.' Huyu anasema, 'Bibi anatugombeza.'"

"Wale wa zamani wako wapi? Waliosema niachwe niseme?"

Swali hilo walilisikia wote waliokuwa kwenye simu zao. Jibu, kwa kuwa lilitoka kisogoni mwa maiki, alilisikia yeye peke yake.

"Watakuwepo, dada, sijui. Wengi ni wapya. Hawa wamekuja na maiki."

Akaendelea hata hivyo. Kila alivyotaka sauti yake iwe laini ndivyo ilivyozidi kukwaruza, na yeye mwenyewe sasa akaisikia, sauti ya mtu anayegombana. Mdogo akamgeuzia simu aone kwa macho yake watazamaji wanavyochomoka. Kola ikaisha, ikalala shingoni pa shati bila hata kunyanzi. Hakuna aliyeiulizia. Mkubwa akanyoosha mkono, akairudisha maiki ilivyokuwa.

"Mtusamehe, wapenzi wangu," mdogo akasema. "Dada yangu leo alitaka kuwasalimia."

Jumamosi nyingine wakafikia somo la mikono ya gauni. "Kata wewe leo," mkubwa alimwambia mdogo wake kabla hawajaanza. "Vidole vinaniuma." Mdogo akafurahi, akavua pete. Mkubwa akakaa mahali pake dirishani, akachukua pini kwenye kijimto chake cha kuzichomekea, akawa anazibana midomoni moja baada ya nyingine, kama afanyavyo kila fundi anapojiandaa kupachika nguo. Kisha akaweka mikono mapajani.

Mdogo akatandaza shuka kuukuu la kufundishia, akaweka juu yake karatasi iliyokatwa kwa umbo la mkono, akakata. Ukatoka mkono wa kwanza, mzuri.

"Sasa wa pili," akasema.

Hapo ndipo karatasi hupinduliwa. Mkono wa gauni una mbele na nyuma, na asiyepindua karatasi atakata mikono miwili ya bega moja. Ule wa upande wa pili utavuta mpaka gauni lichanike kwapani. Mdogo hilo hakulijua, na hakuwahi kuhitaji kulijua. Alitulia kidogo na tabasamu lake, kama alivyozoea, akisubiri sauti ya dirishani.

Mkubwa alimtazama. Pini zilimetameta midomoni.

Mdogo akasubiri tena. Tabasamu likaanza kumchosha mashavu. Akaisogeza karatasi mbele, ilivyo, akaikandamiza kwa kiganja. "Unaisogeza hivi, wapenzi, halafu unakata." Na mkasi ukaingia.

Mtu mmoja akaandika, na mdogo akasoma kwa sauti kabla hajafikiri: "'Mwalimu, karatasi haipinduliwi kwanza?'" Akainua macho, akamtazama dada yake. Safari hii hakutabasamu. Mkubwa hakutikisa kichwa, wala hakuitikia.

"Hapana, mpenzi," mdogo akasema. "Unaisogeza tu."

Huko kwenye nyumba zao walikuwepo watu waliopiga magoti sakafuni, kitambaa kipya kimetandazwa, mkasi umefunguliwa. Mkubwa alijua. Kuzitema pini ni kitu kidogo, na maiki haikuwa mbali, mkono ungeifikia. Akatazama dirishani, mwanga ulikuwa unapungua, na kesho kulikuwa na suruali ya mtu ya kufupisha.

Shukrani zikaanza kupanda. Asante mwalimu. Nimekata na wewe, mwalimu, imetoka. Mdogo akawa anazisoma moja moja, sauti yake inarudi kwenye utamu wake, na mkubwa akawa anasikiliza, ladha ya chuma imejaa ulimini.